Mpiko Mmoja, Hamira Nne: Mwongozo Kamili wa Kugawa Bia ya Nyumbani na Kuiingiza Mashindanoni

Wapikaji wa bia wa nyumbani, kuanzia Kampala hadi Mbale na Kabale, wana lalamiko moja: "Niligawa mpiko wangu kwenye ndoo nne, kila ndoo nikaitia hamira yake, na mpaka leo sijui hamira ipi ni bora." Ukiwauliza zaidi unakuta ndoo ya mwisho ilipata mashapo yote, moja iliwekwa dirishani penye jua, na nyingine ilitiwa pakiti nzima huku jirani yake ikitiwa nusu. Tofauti wanazoonja zimetoka kila upande, na hamira imechangia sehemu tu.

Lalamiko la pili huja baada ya mashindano. Bia iliyosifiwa na mtaa mzima inarudi na alama 24 kati ya 50, kwa sababu iliandikishwa kwenye kundi lisiloendana na ladha yake. Mwongozo huu unashughulikia yote mawili, tangu kuwasha jiko hadi kusoma karatasi ya majaji.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuwasha jiko

- Sufuria ya lita 30, au mbili za lita 15 hadi 20 kama sigiri yako haibebi kubwa.
- Ndoo moja ya lita 25 hadi 30 yenye bomba, na mpira safi wa kunyonyea.
- Ndoo nne mpya za plastiki ya chakula, za lita 7 hadi 10, zenye ukubwa na umbo moja. Kila mfuniko uwe na tundu la mrija wa kutolea gesi.
- Kimea cha shayiri cheupe kilo 4.7, kilichopasuliwa tu na si kusagwa kuwa unga. Ukishindwa kukipata, dondoo kavu ya kimea kilo 2.75.
- Hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) gramu 30, zenye asidi ya alfa, yaani asidi inayoleta uchungu, asilimia 6 hivi.
- Pakiti nne za hamira kavu ya bia. Hamira ya mandazi haihusiki hapa.
- Haidromita (kifaa kinachoelea kupima uzito wa maji ya kimea ukilinganisha na maji matupu), themometa, na mizani ndogo kama ya sonara inayosoma sehemu za gramu.
- Dawa ya kutakasa isiyohitaji kusuuzwa, kama Star San, au iodini ya kutakasia vyombo vya maziwa. Ile ya kuchovyea chuchu za ng'ombe ni kitu kingine, usiitumie.
- Chupa za kahawia, vizibo vipya na kifaa cha kugongea vizibo.
- Karatasi za kubandika na kalamu isiyofutika.

Jerikeni lililowahi kubeba mafuta ya taa au ya kupikia liache. Plastiki hushika harufu, na hakuna sabuni itakayoitoa yote.

## Hatua ya 1: Chagua hamira kwa joto la nyumba yako

Watu wengi huchagua hamira kwa sifa walizosikia, halafu wanahangaika na barafu wiki nzima. Anza na themometa. Weka glasi ya maji mahali utakapochachushia, soma joto lake alfajiri na saa tisa alasiri kwa siku mbili tatu, kisha ndipo uchague.

Kwa chumba cha kawaida cha Kampala, hizi nne zinaanzisha kazi vizuri:

SafAle US-05. Hamira tulivu, hufanya kazi kati ya nyuzi 18 na 26 za Selsiasi. Inaacha kimea na hopsi viseme. Hii ndiyo kipimo chako. Nyingine zote utazilinganisha nayo.

SafAle S-04. Joto lake ni hilohilo, lakini ina tunda zaidi, na hutulia chini haraka kiasi kwamba bia inang'aa mapema. Ikipanda juu ya nyuzi 24 huanza kuzidisha harufu ya matunda.

LalBrew Voss. Hii ni hamira ya mashambani ya Norwei, na hupenda joto la nyuzi 35 hadi 40. Inatoa harufu ya ganda la chungwa. Kwa mtu wa Gulu au Arua asiye na friji, sioni sababu ya kuanza na nyingine.

LalBrew Belle Saison. Nyuzi 20 hadi 35. Ina pilipili manga na ndimu, na inakausha bia sana. Ina hatari yake, nitaieleza kwenye hatua ya 7.

Aliye Kabale, ambako usiku baridi inauma, anaweza kubadilisha Voss na hamira ya laga, bia inayochachushwa kwa baridi, kama SafLager W-34/70. Mtu wa Kampala asiye na friji asiiguse.

## Hatua ya 2: Pika msingi usiofunika kitu

Msingi uwe mweupe na wenye uchungu wa wastani. Kimea cheusi cha kukaanga au hopsi nyingi za mwishoni zitaimeza sauti ya hamira, na wewe unataka kuisikia.

Shughulikia maji kwanza. Maji ya bomba ya Kampala yana klorini, na klorini ikikutana na hamira huzaa harufu ya plasta ya kidonda, hata kwa kiasi kidogo mno. Robo ya kidonge cha Campden, dawa ya kuondoa klorini, katika lita 25 inatosha. Ponda, koroga, subiri dakika chache. Kwa sababu hiyohiyo, ndoo uliyoiosha kwa Jik isuuzwe kwa maji yaliyochemshwa hadi harufu iishe kabisa.

Loweka kimea kwenye maji ya nyuzi 66 kwa saa moja, ndani ya mfuko wa kitambaa ili iwe rahisi kukamua. Unalenga kupata lita 25 za maji ya kimea kabla ya kuchemsha. Mwenye dondoo aiyeyushe tu kwenye maji, asogee mbele.

Chemsha kwa dakika 60. Gramu zote 30 za hopsi zitie mwanzoni. Ukimaliza na lita 21, haidromita itasoma karibu 1.048 na uchungu utakuwa karibu vizio 20 vya IBU, kipimo cha uchungu wa bia. Kampala ipo mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96. Kabale, karibu mita 2,000, huchemka kwenye 93 au 94. Hopsi hutoa uchungu pungufu maji yakichemka kwa joto la chini, kwa hiyo mpikaji wa Kabale aongeze gramu 3 hadi 5.

Kwa nini IBU 20? Kwa sababu makundi ya mashindano yana mipaka. Bia ya aina ya Blonde Ale inaruhusiwa IBU 15 hadi 28, na Saison 20 hadi 35. Namba 20 inaingia kote kuwili. Ukipika ya 12 au ya 40, umefunga mlango mmoja kabla hamira haijafunguliwa.

## Hatua ya 3: Poza haraka, changanya yote pamoja

Funika sufuria, iweke ndani ya karai la maji baridi, na badilisha maji kila yanapopata uvuguvugu. Ukiwa na chupa za maji yaliyogandishwa, zitie kwenye karai maji ya bomba yakishafanya kazi kubwa. Ukizitia mapema zitayeyuka bure.

Maji ya kimea yakishuka chini ya nyuzi 25, yahamishie yote kwenye ndoo kubwa iliyotakaswa. Koroga taratibu, acha dakika 20 mashapo mazito yatue, kisha pima haidromita. Haidromita nyingi zimewekwa kwa nyuzi 20, kwa hiyo kwenye nyuzi 24 ongeza 0.001 kwenye unachosoma. Andika namba hiyo. Ni moja kwa ndoo zote nne, na hesabu ya kilevi itategemea hiyo.

## Hatua ya 4: Gawa kwa mzunguko

Hapa ndipo mipiko mingi huharibika, na kosa lenyewe ni la haraka: mtu anajaza ndoo ya kwanza hadi lita 5, anahamia ya pili, hadi ya nne. Ya kwanza inapata maji safi, ya nne inapata tope la hopsi na protini. Tope hilo lina chakula cha hamira. Ndoo ya nne itachacha kwa kasi nyingine na kuonja tofauti hata ungetia hamira ileile kotekote.

Chora mstari wa lita 5 kwenye kila ndoo, na mistari ya lita moja moja chini yake. Fungulia lita moja kwenye ndoo A, moja B, moja C, moja D, kisha rudi A. Mzunguko wa tano ukiisha, ndoo zote zimeonja juu na chini ya ndoo kubwa kwa usawa. Lita moja iliyobaki na mashapo yake imwage.

Zifunge, zitikise kila moja kwa dakika moja ileile ili zipate hewa. Zibandike herufi tu, A hadi D. Majina ya hamira yaandike kwenye daftari ambalo halikai karibu na ndoo. Utaona faida yake kwenye kuonja.

Umefaulu kama ndoo nne zikiwekwa mezani zina rangi moja na kimo kimoja, na hakuna hata moja yenye tope la kijani chini kuliko wenzake.

## Hatua ya 5: Pima hamira, usikadirie

Pakiti ya gramu 11 au 11.5 imekusudiwa mpiko wa lita 20 hadi 25. Ukiimwaga yote ndani ya lita 5, hamira haitazaana vya kutosha, na sehemu kubwa ya harufu zake huzaliwa wakati inazaana. Utaishia kusema "Voss haina kitu."

Pima gramu 4 kwa kila ndoo. Nyunyiza juu, funga, weka mrija. Pakiti iliyobaki itoe hewa, ifunge vizuri, iweke friji kwenye nyuzi 4, na uitumie ndani ya wiki moja.

Takasa mkasi na pakiti yenyewe kabla ya kukata. Ukimaliza A, takasa mikono na kijiko kabla ya kugusa B.

## Hatua ya 6: Amua unalinganisha nini, kisha shika joto

Kuna maswali mawili, na huwezi kuyajibu kwa mpiko mmoja.

Ukitaka kujua hamira zinatofautianaje, ziweke zote kwenye joto moja, tuseme nyuzi 24. Ukitaka medali, kila hamira ipe joto inalolipenda. Kwa anayelenga mashindano nashauri njia ya pili moja kwa moja. Voss kwenye nyuzi 22 ni hamira ya kawaida tu, na hakuna jaji atakayekupa alama kwa kuwa ulifanya utafiti wa haki.

US-05 na S-04 ziweke ndani ya beseni la maji, kwenye kona ya nyumba isiyopigwa na jua. Vika ndoo gunia lililolowa, ncha zake ziguse maji, na upepo upite. Njia hii inashusha nyuzi chache. Inafanya kazi vizuri Karamoja kuliko kando ya Ziwa Victoria, ambako hewa ina unyevu tayari. Asubuhi na jioni tupia chupa moja ya barafu. Umeme ukikatika, beseni la maji halibadiliki ghafla kama friji tupu.

Voss ifunge blanketi, au iweke ndani ya kasha pamoja na chupa za maji ya moto. Belle Saison iache mezani.

Bandika themometa kwenye ubavu wa ndoo chini ya kipande cha sponji. Joto la chumba siyo joto la bia: kuchacha kwenyewe kunazalisha joto. Siku tatu za kwanza ndizo zinazoamua harufu. Baada ya hapo ukisahau barafu, dunia haitaanguka.

## Hatua ya 7: Subiri namba zitulie

Mapovu kwenye mrija si ushahidi. Chukua kipimo cha haidromita, rudia baada ya siku tatu. Namba zikifanana, imeisha. Voss inaweza kumaliza ndani ya siku nne tano, US-05 hadi wiki mbili.

Kutoka 1.048, tarajia US-05 na Voss zifike karibu 1.010, S-04 ibaki hapo au juu kidogo, na Belle Saison ishuke hadi 1.005 au chini yake. Toa namba ya mwisho kwenye ya kwanza, zidisha kwa 131. US-05 itakupa asilimia 5 za kilevi, Belle Saison asilimia 5.6.

Onyo. Belle Saison ni ya ukoo wa hamira zinazotoa kimeng'enya cha kuvunja hata sukari ngumu ambazo hamira nyingine huziacha. Tone lake likiingia kwenye ndoo ya US-05, bia hiyo itaendelea kuchacha ndani ya chupa kwa wiki nyingi hadi chupa ipasuke. Hivyo Belle Saison ipimwe ya mwisho, ifungwe chupani ya mwisho, na iwe na mpira wake wa kunyonyea uliowekwa alama nyekundu. Ukishindwa kununua mpira wa pili, achana na hamira hii.

## Hatua ya 8: Sukari na chupa

Kwenye kila ndoo utapata lita 4.5 safi, yaani chupa tisa za nusu lita. Kwa bia iliyokaa kwenye nyuzi 24, gramu 29 za sukari nyeupe kwa lita hizo 4.5 zinatoa gesi ya kawaida ya ale. Chemsha sukari na maji kidogo, poza, tia kwenye ndoo safi, kisha nyonya bia juu yake bila kurusha matone. Kijiko cha sukari kwa kila chupa ni njia ya uhakika ya kupata chupa tisa zenye gesi tisa tofauti.

Acha nafasi ya sentimita 2.5 hadi 3 shingoni. Weka wiki mbili kwenye joto la chumba, ndani ya kreti iliyofunikwa gunia, mbali na watoto.

Umefaulu kama kizibo kinalia "pss" fupi, povu linasimama, na bia haikimbilii nje ya chupa.

## Hatua ya 9: Onja bila kujua

Mwombe mtu mwingine amimine. Vikombe visivyoonyesha rangi, vitatu kwa kila mwonjaji: viwili vya bia moja, kimoja cha nyingine. Swali ni moja tu, kipi ni tofauti? Kwa kubahatisha, mtu mmoja kati ya watatu atapatia. Ukiwa na waonjaji 12, wanane wakipatia ndipo uamini kwamba tofauti ipo kweli.

Watu hawa wasiwe wamekunywa kabla. Na wasijue ni bia yako. Binamu hawezi kuwa jaji.

Kisha andika maneno kwa ndimi za kwenu. Harufu ya ndizi bogoya iliyoiva ni esta, mara nyingi ishara ya joto lililozidi. Karafuu ni fenoli, nayo inafaa kwenye bia kama za ngano za Kijerumani na baadhi za Kibelgiji. Siagi maana yake hamira haikupewa muda wa kusafisha. Tofaa bichi, bia changa. Karatasi iliyolowa, hewa iliingia ulipokuwa unafungasha.

## Hatua ya 10: Chagua kundi kwa ulimi

Mashindano mengi hutumia miongozo ya Beer Judge Certification Program, BJCP, toleo la 2021. Soma maelezo ya kundi ukiwa na glasi mkononi. US-05 ya mpiko huu itaingia Blonde Ale bila shida. Belle Saison itaingia Saison, na fomu itataka utaje nguvu na rangi: andika ya kawaida, nyeupe.

S-04 ikiwa na tunda la wastani nayo ni Blonde Ale. Kabla ya kuituma, angalia kama kanuni zinaruhusu bia mbili za mtu mmoja kwenye kundi moja. Kama haziruhusu, tuma inayoendana zaidi na maelezo ya kundi.

Voss ndiyo ngumu. Chungwa likiwa la mbali, Blonde Ale. Likiwa limetawala, kundi la majaribio, na ueleze kwenye fomu hamira na harufu ya kutarajia. Jaji ambaye hakuambiwa atadhani ni kosa.

Umetia kimea cha mtama, kile kinachouzwa sokoni kwa ajili ya omuramba, pombe ya kienyeji ya mtama? Bia hiyo inahamia kundi la nafaka mbadala, na utataja mtama pamoja na mtindo wa msingi. Mtama huo pia upikwe kwanza kama uji kabla ya kuchanganywa na shayiri, kwa kuwa wanga wake hufunguka kwenye joto la juu zaidi.

## Hatua ya 11: Kufunga na kutuma

Soma kanuni za chupa: idadi, ujazo, rangi. Mara nyingi hutakiwi kuwa na lebo wala maandishi kwenye kioo, na kizibo chenye nembo hupakwa wino mweusi. Chagua chupa zilizojaa sawasawa, zipindue usiku kucha juu ya karatasi kavu. Inayovuja itaacha doa.

Kila chupa iingie kwenye mfuko wake wa nailoni, kisha magazeti, kisha boksi ngumu lisilotikisika. Kwa mzigo wa basi kwenda Nairobi au wa ndege kwenda mbali zaidi, uliza msafirishaji mapema kuhusu pombe na ushuru wa forodha, na ukubali kutangaza kilichomo. Tuma safari ya usiku ukiweza. Nusu siku ndani ya buti lenye jua inaweza kuzeesha bia yako.

## Hatua ya 12: Soma karatasi ya alama

Alama 50 zimegawanywa hivi: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, na kwa jumla 10. Alama 30 hadi 37 ni nzuri sana, 38 hadi 44 ni bora, juu ya hapo ni za wachache. Usihangaike na ung'avu, maana mwonekano wote ni alama 3.

Linganisha maneno ya majaji kabla ya namba. Jaji mmoja akiandika "tunda limezidi" na mwenzake hakulitaja, liache kwanza. Wote wawili wakiliandika kwenye Blonde Ale yako ya US-05, rudia mpiko uleule, shusha joto nyuzi tatu kwenye siku tatu za kwanza, na usiguse kimea wala hopsi. Wakiandika "plasta" kwenye bia zote ulizotuma, hamira haina hatia: rudi kwenye maji na ile ndoo ya Jik.